Natafuta priampu ya mtumba ya kufunga kwenye Quad 405-2, nichukue ipi?

#1 Mtoto wa Matrah
Assalaam alaykum wakuu, na habari zenu nyote.

Nina pawa (kikuza sauti kinachosukuma spika) Quad 405-2, ile ya wati 100 kila upande, spika za Kiingereza za miaka ya themanini, DAC ya kisasa (kisanduku cha kugeuza muziki wa kidijitali kuwa umeme wa sauti) na gramafoni. Katikati nimefunga priampu, kile kifaa cha kuchagua chanzo na kuongoza sauti kabla ya pawa. Ni ya valvu (taa za kioo), isiyo na jina, niliagiza mtandaoni. Raha sina. Nikizungusha nobu kidogo tu, nyumba nzima inatetemeka. Usiku nikitaka kusikiliza taratibu, upande wa kulia unasikika kuliko wa kushoto. Halafu muziki ukisimama kuna "shhhh" nnaisikia mpaka kwenye kochi.

Nataka kuitoa nitafute mtumba wa maana. Bajeti pauni 600. Ninazozitazama: Quad 44, Naim NAC 72, conrad-johnson moja ya valvu iliyopo Marekani, na Luxman iliyopo Japani. Naishi Maskati, umeme wetu ni 240. Jamaa yangu mmoja ananambia niuze yote hayo, DAC ina volyumu yake. Nimsikilize nani?

#2 kiti_cha_nyuma
Natandika mkeka. Wajuzi wanakuja.

#3 Fundi wa Ilala
Mkuu, kabla ya kununua chochote tazama hesabu. 405 inahitaji nusu volti tu kutoa wati zake zote 100. DAC yako, kama zilivyo nyingi za leo, inatoa volti 2. Hiyo ni mara nne, desibeli 12 za ziada, na hapo priampu haijafanya kazi yoyote. Priampu ya valvu huongeza tena desibeli 20 hivi. Unajaza kikombe cha kahawa kwa mpira wa zimamoto.

Ndiyo maana nobu inaishia mwanzoni. Na volyumu nyingi, hasa za bei rahisi, pande zake mbili, kushoto na kulia, hazilingani kule chini kabisa. Ukifika katikati zinalingana, ila wewe hufiki katikati kwa sababu majirani watakuitia polisi.

Kwa hiyo swali la "ipi ina sauti nzuri" liweke kando kwanza. Tafuta yenye ukuzaji mdogo.

#4 Bi Shuwena
Fundi na kikombe chake 😂 mie nilidhani uzi wa redio, kumbe wa kahawa. Haluwa iko wapi?

#5 Mlima Kitonga
Mimi nipo Leicester na hizi Quad nimezishika sana. Chukua 44 ufunge mjadala. Ilitoka 1979, na imetengenezwa kuoana na 405: yenyewe inatoa hiyohiyo nusu volti ambayo Fundi kaitaja #3. Ndani ni bodi za kuchomeka kwa kila tundu la kuingizia, unaweza kubadilisha moja bila kugusa nyingine. Kuna bodi ya sindano za kawaida na kuna ya zile za MC, za koili inayosogea, zinazotoa umeme mdogo zaidi.

Angalia jambo moja: za mwanzo zina matundu ya DIN (ya duara, pini kadhaa pamoja) kila mahali, za baadaye zikaja na RCA (yale ya kawaida, plagi moja kwa kila upande). Omba picha ya mgongo kabla hujalipa. Muuzaji anayepiga picha ya uso tu mkimbie.

#6 Mzee Santuri
Mlima Kitonga kasema vizuri lakini karuka ya kwangu. Mimi niko Mombasa na muziki wangu ni santuri ndogo za 45, dansi na taarabu, nyingi zimechezwa kwenye vilabu mpaka zikang'aa. Kwa kazi hiyo Quad 33 ya 1967 haina mpinzani kwa pesa yake. Ina vitufe vya kuchuja sauti za juu kuanzia 5, 7 au 10 kHz, na nobu ya kuamua mchujo uwe mkali kiasi gani. Na ina mono.

Vijana wanacheka mono. Santuri nyingi za zamani za huku zilikatwa mono. Ukizicheza kwa sindano ya stereo, sindano inasoma pia mtikisiko wa juu na chini ambao hauna muziki ndani yake, ni vumbi na mikwaruzo tu. Bonyeza mono, chaneli zinaunganishwa, ile takataka inajifuta yenyewe kwa sehemu kubwa. Priampu za bei mbaya za leo zimeondoa kitufe hicho kisha wanaita maendeleo.

#7 Binari
Nyote mnamzungusha bure. Jamaa yake ana haki. DAC → pawa, basi. Kila kifaa cha katikati kinaharibu. Priampu ni kazi ya enzi ambazo kaseti, redio na gramafoni vilitoa umeme kidogo.

#8 Mlima Kitonga
Binari, ana gramafoni. Soma post #1.

#9 Binari
Anunue kisanduku cha santuri (cha kukuza sauti ya gramafoni) peke yake, akiunganishe kwenye kompyuta. Tatizo liko wapi?

#10 Mzee Santuri
Tatizo liko kwamba mimi sitaki kuwasha kompyuta ili nisikilize santuri, kijana.

#11 Wanyama wa Thika
Niongeze hapo kwa Binari. Kupunguza sauti kidijitali si dhambi kama wengi wanavyodhani. Kila desibeli 6 unazopunguza unapoteza biti moja. Ukishusha desibeli 40 umepoteza karibu biti 7. Kama DAC ni ya biti 24 umebaki na 17, na CD yenyewe ina 16. Kwenye karatasi uko salama, ingawa kelele za DAC yenyewe zinakula sehemu ya hizo biti.

Ila mimi nisingefanya hivyo kwenye 405. Programu ikijisahau, ikatuma volti 2 zote kwa pawa inayotosheka na nusu volti, spika zinaondoka na roho yake. Nobu ya mkono haina apdeti.

#12 Bi Shuwena
"Nobu ya mkono haina apdeti" hii naiandika ukutani.

#13 Sauti ya Pwani
Wakuu mnamtajirisha muuzaji wakati dawa ipo. Kuna vipunguza sauti, vijiplagi viwili vinavyochomekwa kati ya priampu na pawa. Chukua vya desibeli 10 au 12. Nobu inapanda, chaneli zinalingana, na ile shhhh ikiwa inatoka kwenye priampu nayo inapungua kwa kiasi hichohicho. Pauni 600 zinabaki mfukoni, mama watoto anafurahi.

Ila jaribu kwanza inatoka wapi. Zima vyote, chomoa waya zinazotoka kwenye priampu, washa pawa peke yake. Ikibaki kimya, mchawi ni priampu. Ikiendelea, pawa ndiyo inayolia.

#14 Fundi wa Ilala
Sauti ya Pwani kala maksi zote, ila aongeze hili: akichomoa waya upande mmoja na kuuacha unaning'inia kwenye pawa, utaokota mvumo wa umeme wa nyumba na atadanganyika. Aziondoe waya kabisa, au atumie plagi zilizofungwa shoti.

Na kuhusu kulia kuzidi kushoto, bado nasema volyumu.

#15 Mchonga Valvu
Fundi, huna hakika. Valvu zikichakaa haziendi sambamba. Moja inachoka, upande wake unashuka. Ahamishe za kushoto zije kulia. Upande mkubwa ukihama, valvu ndizo. Ukibaki palepale, hapo tuzungumzie volyumu. Na agonge kila valvu taratibu kwa penseli: inayolia kama kengele kwenye spika haifai.

#16 Fundi wa Ilala
Valvu iliyochoka ingempa tofauti kwenye sauti zote, kubwa na ndogo. Yeye anasema usiku anaposikiliza taratibu. Soma maneno yake.

#17 Mchonga Valvu
Mchana anafungulia sana, hasikii tofauti kwa sababu masikio yameshajaa. Umewahi kumpimia mtu kwa kusoma tu?

#18 kiti_cha_nyuma
Mafundi wawili, mgonjwa mmoja, na mgonjwa yuko Maskati.

#19 Dunga
Mimi naitetea NAC 72. Nimeimiliki miaka na miaka. Kuna uhai fulani, miguu haitulii. Quad ni ya wazee waliovaa sweta.

#20 Mlima Kitonga
Nimevaa sweta sasa hivi, huku ni baridi.

Tatizo la NAC 72 kwa mtoa mada si sauti. Haina umeme wake. Imeundwa ilishwe volti 24 kutoka kwenye pawa ya Naim au kutoka sanduku lake la umeme, Hi-Cap. Ataiweka na 405, ataichomeka wapi? Inabidi anunue na Hi-Cap, na hapo pauni 600 zinaanza kujikuna kichwa. Wengi wanauziwa NAC peke yake, inafika nyumbani, wanatafuta waya wa ukutani hawauoni.

#21 Dunga
Sawa, auze 405 anunue pawa ya Naim, NAP 250, ilishe priampu. Mbona rahisi.

#22 Mlima Kitonga
NAP 250 za zamani hazilishi priampu. Zinazolisha ni kama NAP 140 na 180. Ukiwa na 250 unarudi palepale kwenye Hi-Cap.

#23 Dunga
Nimekubali hiyo. Miguu bado haitulii lakini.

#24 Kijana wa Nagoya
Salaam kutoka Japani, mimi niko kwenye magari ila jioni napita maduka ya redio za mitumba. Kuhusu Luxman: za soko la ndani ni volti 100. Si 110, si 120, ni 100. Ukichomeka kwenye 240 ya Maskati, ukiwa na bahati fyuzi inakata. Ukikosa bahati moshi unatoka kabla ya fyuzi. Bamba la nyuma limeandikwa, omba picha yake.

Si mwisho wa dunia. Priampu inakula wati chache, transfoma ndogo ya kushusha 240 kwenda 100 inatosha, si lazima lile dude la kubebwa na watu wawili. Ila nunua ya 100 hasa. Watu huchukua ya 110 kwa kuwa ndiyo iliyojaa madukani, na kifaa kinaishi miaka yote kikiwa na joto. Baadhi ya modeli zina nyaya ndani za kubadilisha volti, nyingi za soko la ndani hazina. Usitegemee.

Faida ya huku ni utunzaji. Unakuta kitu cha 1980 kina boksi na karatasi, na muuzaji kaandika kila mkwaruzo.

#25 Wanyama wa Thika
Mkuu wa Nagoya, vipi kuhusu hezi? Japani 50 au 60?

#26 Kijana wa Nagoya
Zote. Mashariki, Tokyo, 50. Magharibi, Osaka na huku kwetu, 60. Kwa hiyo vifaa vya ndani vimeandikwa 50/60, hapo hakuna shida. Shida iko kwa vya Marekani vilivyoandikwa 60 tu: transfoma ikipewa 50 inapata joto zaidi na wakati mwingine inavuma. Mtoa mada aliangalie hilo kwa hiyo conrad-johnson.

#27 Ukweli Mchungu
Kuhusu conrad-johnson kuna kitu hamjasema. Priampu zao nyingi zinageuza fezi. Wimbi linaloingia likipanda, linatoka likishuka. Unachofanya ni kubadilisha waya za spika, nyekundu iende nyeusi na nyeusi iende nyekundu, pande zote mbili. Usiposhughulikia hilo ngoma inapigwa kwa ndani badala ya nje.

#28 Binari
Hakuna binadamu anayesikia hiyo.

#29 Ukweli Mchungu
Mimi nasikia, kwenye ngoma na tarumbeta.

#30 Binari
Ukiwa umeambiwa imegeuzwa, au ukiwa hujaambiwa?

#31 Ukweli Mchungu
…

#32 Mchonga Valvu
Tuache fezi. Kikubwa kwa priampu za valvu na 405 ni ukinzani. Pawa hii inapokea kwa kama kilo-omu 20, wakati pawa za valvu zina 100. Priampu ya valvu inatoa sauti kupitia kapasita mwishoni. Kapasita ya maikrofaradi 0.47 na kilo-omu 20, besi inaanza kukatika kwenye Hezi 170. Ndiyo maana watu wanasema valvu hazina besi. Wanazifunga pasipo pake.

#33 Fundi wa Ilala
Nakuunga mkono hoja, hesabu hapana. Moja gawanya kwa 6.28 mara 20,000 mara 0.00000047. Hiyo ni Hezi 17, si 170. Kwa 17 spika za mtoa mada hazina la kupoteza. Ikiwa 170 hata sauti ya mtangazaji ingekonda.

#34 Mchonga Valvu
Nukta imehama. Ila akifunga pawa ya kilo-omu 10 inakuwa 34, na hapo gitaa la besi linaanza kuguswa. Na zipo za kapasita ndogo zaidi. Aulize kabla ya kununua.

#35 Sauti ya Pwani
Na kwa wale wanaofikiria kisanduku kisicho na umeme, nobu tupu ndani ya boksi: kinafaa sana 405 kwa kuwa ukuzaji hauhitajiki. Ila chukua ya kilo-omu 10, na waya wa kwenda pawa uwe mfupi. Ukichukua ya 50, nobu ikiwa inapitisha nusu ya volti inatoa kwa kilo-omu 12 na nusu. Ukiwa na waya mrefu wenye pikofaradi 500, sauti za juu zinaanza kushuka kwenye 25 kHz. Bado husikii kitu, lakini ongeza urefu uone.

#36 Bi Shuwena
Mtoa mada yuko wapi? Mmemzika kwa pikofaradi.

#37 Mtoto wa Matrah
Nipo, nasoma kwa kalamu. Shukrani nyote.

Majibu ya vipimo. Nimezima, nimeondoa waya zote, nimewasha 405 peke yake: kimya kabisa. Kwa hiyo shhhh ni ya priampu. Nimehamisha valvu kushoto kwenda kulia: upande mkubwa umebaki kulia. Nimezigonga kwa penseli, moja imelia kidogo.

Vipunguza sauti nimeagiza, vya desibeli 10. Lakini priampu bado nnaitaka, wala msinambie nitulie.

#38 Fundi wa Ilala
Volyumu. Nilisema.

#39 Mchonga Valvu
Au soketi, au kinzani kimoja kimetoka thamani upande huo, au waya wa DAC. Hujashinda bado. Abadilishane kwanza waya zinazoingia, kulia kwa kushoto.

#40 Mzee Santuri
Au chumba. Upande wa kulia una ukuta, wa kushoto una mlango wazi wa kwenda ukumbini? Mmeuliza?

#41 Mtoto wa Matrah
Mzee Santuri… kushoto kuna mlango, ndio.

#42 kiti_cha_nyuma
😂😂😂 ongezeni mkeka.

#43 Fundi wa Ilala
Mlango ungekuwa na kosa mchana pia. Ila afunge mlango ajaribu, hakuna gharama.

Kwa kuwa kaamua kununua, mambo ya kumwomba muuzaji, yoyote atakayemchagua. Aweke multimita kwenye matundu ya kutolea, volti za DC, priampu imewaka lakini hakuna muziki: milivolti chache ni sawa, ikisoma nusu volti usiiguse, inaweza kusukuma pawa mpaka iunguze spika. Azungushe nobu pole pole, ikikwaruza kidogo dawa ya kusafishia inatibu, sauti ikipotea kabisa upande mmoja hiyo ni nobu mpya. Abonyeze kila kitufe cha kuchagua. Aseme kapasita zimebadilishwa lini na nani, na "fundi wa mtaani" siyo jibu, hata kama mimi mwenyewe ni fundi wa mtaani.

Kwa sisi wa pwani hewa ya chumvi inakula vitufe na matundu haraka. Kitu kilichokaa Uingereza chumbani kikavu kitakuja kizima, kisha Maskati kitaanza kuota kutu. Kitumie kila siku, vitufe vinajisafisha vinaposogezwa. Na kila siku: priampu iwashwe kwanza, pawa mwisho. Kuzima kinyume chake.

#44 Dunga
Kwa maelezo hayo nilidhani mtu anaoa.

#45 Kijana wa Nagoya
Leo nimepita duka moja, kuna Yamaha C-4 na Accuphase ya zamani pembeni yake. Accuphase bei yake nikimwambia mtoa mada atauza nyumba. C-4 imetulia, ila ukuzaji wake siujui, msije mkanihukumu.

#46 Mlima Kitonga
Usimpoteze. 44 ya RCA, bodi ya santuri ya kawaida, fundi azipitie kapasita, kwisha. Inabaki chenji ya kununua sindano mpya.

#47 Mzee Santuri
33, kwa mono.

#48 Mlima Kitonga
Mzee, 33 ina umri wa baba yangu, DIN tupu.

#49 Mzee Santuri
Na baba yako bado anafanya kazi?

#50 Mlima Kitonga
Anafanya 😅

#51 Mtoto wa Matrah
Kuna 44 imeonekana Birmingham, RCA, muuzaji katuma picha ya mgongo bila kuombwa. DC anasema milivolti 3 na 4. Sasa wakuu wa DIN: 405-2 yangu inapokea kwa DIN ya pini 4, na waya nilio nao wa RCA kwenda DIN umetengenezwa na mtu, sijui pini ipi ni ipi. Kuna mwenye mchoro?

#52 Sauti ya Pwani
Huo waya ndio ungekuwa wa kwanza kupimwa, sheikh. Fundi, usiseme volyumu tena.

#53 Fundi wa Ilala
Asichomeke chochote mpaka aupime kwa multimita, pini moja moja. Mchoro naupiga picha kesho nikifika kibandani.